Haba, Kibaba na Kibubu

Katika methali wanazopewa wanafunzi kuwa vichwa vya insha, ni chache zilizotumika kwa wingi kama ile isemayo, "Haba na haba hujaza kibaba." Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili, na baada ya muda insha arobaini zinazofanana huwekwa mezani pake. Katika kila mojawapo yumo maskini mmoja aliyeweka senti kila siku. Senti zikawa shilingi, shilingi zikawa ng'ombe, ng'ombe wakawa nyumba ya bati, na jirani yake aliyetapanya mali akaishia kuombaomba. Insha hufungwa kwa maonyo kwa vijana. Mwalimu hutia alama, na methali hurudi ilikotoka, pasipo mtu kuuliza swali ambalo mchuuzi yeyote wa sokoni angeliuliza kwanza: kibaba chenyewe ni kikubwa kiasi gani?

Jibu lake si siri. Kibaba ni kipimo cha nafaka cha watu wa pwani, robo ya pishi; kikijazwa mchele au mtama uzito wake haufiki kilo moja. Katika misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara, kibaba kimoja cha nafaka kilihesabiwa kuwa posho ya mtu mmoja kwa siku moja. Basi methali haisemi habari za ng'ombe wala za nyumba ya bati. Inasema kwamba vitu vichache, vikikusanywa, hufikia kiasi cha mlo wa siku. Hiyo ndiyo ahadi yake yote, na aliyeitunga alikuwa mwaminifu kiasi cha kutoahidi zaidi.

Tofauti kati ya ahadi hiyo na ile ya insha za darasani yaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini yapasa kuchunguzwa, maana ina madhara. Msomaji akifundishwa kwamba haba huzaa utajiri, hana budi kuamini pia kwamba asiye tajiri hakuweka haba zake. Hivyo methali iliyokuwa neno la kumtia moyo mhitaji hugeuka kuwa hati ya mashtaka juu yake. Ili kuuona upotofu huo, yafaa kwanza maneno ya methali yasomwe moja moja kama yasomwavyo maneno ya shairi, kisha yapelekwe mahali ambapo watu wanahangaika na fedha ndogo kila siku, yapimwe huko.

Neno la kwanza ni haba. Wengi hulifasiri kuwa "kidogo", lakini haba si kidogo tu. Kitu kidogo chaweza kutosha, kama chumvi ndani ya mchuzi. Kitu haba ni kile kisichotosha. Mvua ikiwa haba mazao hukauka, na chakula kikiwa haba wageni hulala njaa. Aliyetunga methali angeweza kusema "kidogo na kidogo", naye hakusema. Alichagua neno lenye upungufu ndani yake, akaliweka mara mbili: lisilotosha, na lisilotosha. Hapo ndipo penye ajabu ya usemi huu, kwamba mapungufu mawili yakikutana, badala ya kuwa upungufu mkubwa, huwa utoshelevu.

Neno la pili ni kile kitenzi, hujaza. Kiambishi hu- hakitaji nafsi wala wakati. Hakisemi ni nani ajazaye, wala hakisemi atajaza lini. Chasema tu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Insha za darasani hukiondoa kiambishi hiki kimyakimya na kuweka kingine mahali pake: "ukiweka akiba utatajirika." Hu- imekuwa uta-, kawaida ya dunia imekuwa agano kati ya mwalimu na mtoto, agano ambalo mwalimu hana uwezo wa kulitimiza.

Na sauti ya methali nayo ina ushahidi wake. Silabi zake ni kumi na moja, na ba husikika mara nne. Mara mbili za kwanza huja peke yake, moja moja, kama tone na tone: haba, na haba. Mara mbili za mwisho hukaa pamoja ndani ya neno moja, kibaba. Sikio husikia matone yakikutana kabla akili haijafahamu maana. Vilevile sikio husikia kwamba usemi unakoma papo hapo. Kibaba kikijaa, methali imekwisha. Hakuna pishi, hakuna gunia, hakuna ghala.

Kwa nini basi maana iliyo wazi hivi ilipotea? Sababu mojawapo ni jinsi methali zilivyoingia vitabuni. Tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa semi za Waswahili mwaka 1891, kazi ya kukusanya imefanywa kwa bidii, na kila msomi wa Kiswahili ana deni kwa wakusanyaji. Lakini methali iliyopangwa kwenye orodha ni kama samaki aliyepangwa sokoni: umbo lake lote lipo, ila maji hayapo. Mzee hasemi methali hivihivi. Huisema kwa sababu mtu fulani amefanya jambo fulani asubuhi ile. Orodha huhifadhi maneno na kuitupa asubuhi. Sababu nyingine ni mapenzi ya waandishi wa insha kwa fadhila kubwa. Tangu Shaaban Robert alipotoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, insha ya Kiswahili imezoea kukaa juu, penye haki, wema na hekima, na hilo si aibu. Lakini safari ya kwenda dukani kununua kiberiti haikupata mwandishi, na methali hii ilikaa katika safari za namna hiyo.

Mahali pazuri pa kuijaribu ni mbali na pwani ilikozaliwa. Katika Mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, Kiswahili hukutana na Kihaya, na methali ya nafaka hukutana na watu wa migomba na kahawa ambao kibaba hakikuwa kipimo chao. Methali ikiwa kweli, itasimama hata huko. Ikiwa ni pambo la ubaoni tu, itaanguka.

Mtoto wa Kashai, mtaa wa mji wa Bukoba, anatumwa dukani. Amepewa noti ya shilingi elfu moja, akaambiwa vitu viwili tu ili asisahau, na onyo moja: alete chenji. Anaamkia dukani, "Shikamoo, baba", anajibiwa "Marahaba", anataja alivyotumwa, anapokea, na anarudi amefumba kiganja. Nyumbani kiganja hufumbuliwa na sarafu huhesabiwa mbele ya macho yake. Hakuna anayeiita shughuli hiyo mtihani, lakini ni mtihani wa kwanza wa uaminifu ambao watoto wengi hufanya, tena hurudiwa kila siku.

Lugha yenyewe imeyafunga mambo haya pamoja kwa namna ambayo wasomi hawajaitazama vya kutosha. Kutoka katika kitenzi tuma hupatikana mtume, mtumishi na mtumwa, na hupatikana pia tumia na matumizi. Anayetumia fedha, kwa asili ya neno, ameituma. Ameipeleka ikamfanyie kazi. Mtoto na noti wametumwa safari moja. Na chenji ni nini, isipokuwa ile sehemu ya fedha iliyotumwa ikarudi? Ndiyo maana mzazi huisubiri kwa moyo uleule anaomsubiri mtoto, na ndiyo maana chenji pungufu huumiza kuliko thamani yake. Si shilingi mia iliyopotea; ni mjumbe ambaye hakurudi.

Mjumbe huyo, hata hivyo, hupotea mara nyingi pasipo kosa la mtoto. Mwenye duka hufungua droo, akaifunga, akasema, "Chenji hakuna, mwanangu, chukua pipi." Pipi si malipo ya dhuluma, kwa kuwa mwenye duka naye hana, sarafu ndogo humwishia kabla ya saa sita. Lakini mtoto hufika nyumbani na kitu kisichoweza kurudishwa, kisichowekwa akiba, kisichoungana na kingine kuwa kitu cha tatu. Pipi ni haba isiyo na "na". Hapo mtu huelewa kwamba nguvu ya methali haimo katika udogo wa kitu, bali katika uwezo wake wa kuungana na kingine. Sarafu mbili huwa jumla. Pipi mbili hubaki kuwa pipi mbili, tena si kwa muda mrefu.

Sokoni jambo hili hudhihirika kwa upande wa pili. Mama anayeuza nyanya hazipimi kwa mizani. Huzipanga mafungu, nne chini na moja juu, na kila fungu lina bei yake. Mtazamaji hudhani kwamba bei hufuata fungu. Kwa kweli fungu hufuata bei, na bei hufuata sarafu. Nyanya zikiadimika sarafu haiongezeki. Fungu hupungua nyanya moja. Muuzaji amekikata kitu ili kilingane na fedha iliyomo kiganjani mwa mnunuzi. Na dagaa hupimwa kwa kopo au kwa sado, yaani lile kopo la rangi lililopata kazi ya pili. Kwa hiyo kibaba hakikufa. Kimebadili jina na umbo, nacho kingali kile kile kilichokuwa: kiasi ambacho mtu mwenye fedha kidogo aweza kukinunua leo, akapika leo.

Baada ya kipimo, yafaa itazamwe ile haba yenyewe, yaani sarafu. Hapa mji wa Bukoba una ushahidi ambao methali za akiba hazipendi kuusikia. Methali nyingine ya darasani husema, "Akiba haiozi." Lakini katika nchi ya Wahaya fedha imeoza zaidi ya mara moja. Katika karne ya 19 watu walilipana kwa simbi, wale kombe wadogo wa baharini waliofika huko kwa njia za biashara, kama walivyofika Buganda. Wajerumani walianzisha boma la Bukoba mwaka 1890, na rupia ikaja, kwanza yenye pesa 64, kisha, tangu mwaka 1904, yenye heller 100. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, yenye senti 100, na sarafu zake ndogo zilikuwa na tundu katikati. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania, ikiwa na sarafu ya senti 5 yenye samaki, ya senti 20 yenye mbuni, na ya senti 50 yenye sungura. Samaki, mbuni na sungura hao hawanunui kitu tena.

Kila mara mtu aliyekuwa na akiba alilazimika kuibadili kwa wakati, au aliachwa na vyombo vya kuchezea watoto. Kilichodumu ni maneno. Hela ni ile heller ya Wajerumani, nayo ingali ikitajwa kila saa nchini Tanzania na hata katika Kirundi, ambako fedha ni amahera. Pesa ni ya Wahindi. Katika Kiganda fedha ingali ikiitwa ensimbi, ingawa hakuna alipaye kwa simbi. Thumuni kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, na hapo kale ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Jina likabaki kwa nusu shilingi, watu wakilitaja bila kuhesabu nane yoyote. Lugha ni kibubu kinachotunza majina ya sarafu baada ya sarafu zenyewe kukataliwa dukani.

Historia hii yaifanya methali kuwa na masharti. Mtama ulioingia kibabani jana ungali ni mtama leo, lakini sarafu iliyoingia kibubuni mwaka juzi imepungua nguvu ingali humo ndani, pasipo mwizi na pasipo kutu. Anayengojea sana hupata hesabu kubwa na kipimo kidogo. Basi busara ya kibubu haiko katika kutokivunja kamwe, kama zisemavyo insha, bali katika kujua siku ya kukivunja.

Yafaa siku hiyo itazamwe kwa makini. Mjini Muleba, kusini mwa Bukoba katika barabara iendayo Biharamulo, na ichukuliwe nyumba moja ya kawaida yenye kibubu cha ubao uvunguni mwa kitanda. Kwa miezi kadhaa kila chenji iliyorudi salama imetumbukizwa humo. Jumamosi moja asubuhi mama mwenye nyumba hukitoa, hukivunja, na sarafu humwagwa mkekani. Watoto hukaa kuzunguka, nao hupewa kazi ya kuchagua: vifaru upande mmoja, hao ndio shilingi 50, swala pala, shilingi 100, simba, shilingi 200, nyati, wenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande wa pili, shilingi 500, sarafu iliyoanza mwaka 2014. Kisha hupangwa kumi kumi kama minara. Vifaru ni ishirini, swala arobaini, simba ishirini na watano, nyati sita. Jumla ni shilingi 13,000.

Shilingi 13,000 si utajiri, wala hakuna mtu mkekani pale anayedhani kuwa ni utajiri. Ila furaha iliyopo ni ya kweli, na mhakiki hana budi kuieleza, kwa kuwa ndiyo methali yenyewe ikitokea mbele ya macho. Haitokani na wingi, maana mtu huyohuyo akipokea noti ya shilingi 10,000 na tatu za elfu moja moja hatasikia furaha ile. Inatokana na kwamba kila sarafu katika zile ilikwisha kuhukumiwa kuwa haitoshi. Kifaru mmoja peke yake ni vigumu kumpatia kitu cha kununua. Aliachwa mfukoni, akaanguka chini ya kiti, akasahauliwa juu ya kabati. Sasa wale wote waliohukumiwa wamekutana, na hukumu imetanguka. Zaidi ya hayo, mama hubeba sarafu zake hadi kwa mwenye duka aliyekuwa akitoa pipi, naye huzipokea kwa shukrani na kumpa noti, kwa kuwa hizo ndizo alizokuwa akizikosa. Kilichodharauliwa kimoja kimoja huombwa kikiwa pamoja. Kisha noti hutumwa: sabuni, mafuta ya kupikia, madaftari mawili, kopo la dagaa. Jioni fedha imekwisha. Kibaba kimejaa, kimepikwa, kimeliwa. Insha ya darasani ingeihesabu jioni hiyo kuwa kushindwa, kwa sababu hakuna ng'ombe aliyenunuliwa. Methali, ikisomwa sawasawa, huihesabu kuwa ushindi uliotimia.

Mpinzani wa hoja hii atasema kwamba hapo methali imepunguzwa mno. Je, haba na haba hazikujenga mambo makubwa katika mkoa huohuo? Mwaka 1950 wakulima wa kahawa waliunda chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa kifupi cha BNCU, na kahawa yake ilikuwa nini isipokuwa mikungu midogo ya mashamba madogo, debe kwa debe, mpaka magunia yakajaa maghala? Na vile vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea vijijini siku hizi, vyenye sanduku moja na funguo zilizogawanywa kwa watu mbalimbali, havikuanza kwa sarafu?

Pingamizi hili lina nguvu, nalo laisaidia hoja badala ya kuivunja. Katika ushirika na katika sanduku la kikundi, haba zilizokutana hazikuwa za mtu mmoja aliyejinyima siku baada ya siku. Zilikuwa za watu wengi siku moja. Neno lililofanya kazi ni lile dogo lisilotazamwa, na. Katika insha za darasani na huunganisha leo na kesho ya mtu mmoja. Katika ushirika huunganisha mtu na mtu. Methali huruhusu maana zote mbili, kwa sababu hujaza haikutaja nafsi. Lakini ile ya pili ndiyo iwezayo kuvuka kibaba, na ndiyo ambayo insha haziitaji kabisa. Husifu ubahili wa mmoja na kunyamaza juu ya mkutano wa wengi.

Mfano ulio mchungu zaidi wa upotofu wa darasani waonekana katika desturi inayoitwa butura. Kwa butura mkulima huuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei ndogo anayopewa taslimu. Mavuno ya kahawa ya Kagera huanza karibu na mwezi wa Mei. Sare na vifaa vya shule hutakiwa Januari. Na ugonjwa haungoji mwezi wowote. Kahawa inapoiva huchumwa na aliyeilima lakini thamani yake huenda kwa aliyetoa fedha mapema. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita desturi hiyo kwa miaka mingi, na wenye kuhubiri hupenda kuanza mahubiri yao kwa methali ya haba na kibaba: kama mkulima angaliweka akiba, asingaliuza maua.

Kifasihi, mahubiri hayo ni usomaji mbaya. Kiutu, ni ukatili. Butura si kinyume cha subira. Mkulima wa kahawa ana subira kuliko wengi: mbuni huchukua miaka kabla ya kuzaa, naye ameungoja. Butura ni methali iliyogeuzwa juu chini. Badala ya haba kujaza kibaba, kibaba cha kesho huuzwa kwa haba ya leo. Na husababishwa na lile ambalo methali imelichukulia kuwa lipo, yaani kwamba kuna kitu kinachobaki baada ya mahitaji ya siku. Haba iliyobaki yaweza kuwekwa. Haba isiyobaki haiwekwi. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajaze kibaba ni kumpa chombo kilichotoboka kisha kumlaumu kwa kumwaga. Mtoto aliyetoka katika nyumba iliyouza kahawa mtini, akikaa darasani Januari mbele ya methali ile ubaoni, huandika insha inayowahukumu wazazi wake, tena kwa mwandiko mzuri, na hupewa alama nzuri kwa ajili hiyo.

Basi methali itupwe? La. Ifundishwe pamoja na asubuhi yake. Na katika nchi ileile ya Wahaya kuna desturi inayomsaidia mwalimu kuona kwamba kitu haba kina njia nyingine, si ya kibubu pekee. Mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na ganda lake, chache tu zinazokaa katika kiganja. Hazishibishi. Hakuna anayezihesabu, wala anayeziweka mpaka ziwe gunia. Hata hivyo nyumba isiyozitoa huonekana kuwa na upungufu, na mgeni aliyezipokea amepokewa. Zamani buni kama hizo zilitumika katika kuchanjiana udugu. Watu wawili waliunganishwa na kitu kisichojaza hata kijiko. Hapa haba haikungoja kuwa kibaba ili iwe na thamani. Ilitosha kwa kutolewa.

Mwalimu akiyaweka haya mawili pamoja, kibubu cha Muleba na kiganja cha kahawa, atawapa wanafunzi wake maswali yenye manufaa kuliko kichwa cha insha cha zamani. Kitu kidogo hutosha lini kwa kukusanywa, na lini kwa kutolewa? Ni nani anayeweza kukusanya, na ni nani aliyezuiwa? Kibaba kikijaa, ni cha nani? Maswali haya hayahitaji maktaba kubwa. Yahitaji mwanafunzi aliyewahi kutumwa dukani, na huyo yumo katika kila dawati.

Mhakiki naye ana la kujifunza. Amezoea kutafuta uzito wa fasihi katika vita vya wafalme na vifo vya mashujaa, na huko upo. Lakini usemi ulioishi katika vinywa vya watu wengi kuliko utenzi wowote ulikaa katika mambo ya kopo, fungu na chenji. Ukisomwa kwa haki hauahidi makuu, na kwa sababu hiyo haudanganyi. Wawambia wenye haba kwamba haba zao ni halali ya kuhesabiwa, na kwamba zikipata kubaki na kupata mwenzake, zitafika mahali fulani panapojulikana, penye chakula cha siku.

Jioni ile Muleba kibubu hupigwa misumari upya na kurudishwa uvunguni. Chenji ya dagaa, kifaru mmoja, hutumbukizwa humo, nayo hugonga ubao kwa kelele nyingi kwa kuwa hakuna kitu ndani. Mtoto hukitikisa ili aisikie tena, na mama humwambia akiache, kesho atatumwa.